Mume yuko Doha, shemeji ndiye fundi, na mimi nataka kubadilisha koili ya gari mwenyewe

Assalamu alaikum, mshauri wetu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Malindi. Mume wangu yuko Doha kikazi, huja nyumbani likizo ikipatikana. Alininunulia Toyota Probox nisihangaike na tuktuk, maana kazi yangu ni upishi: biriani za harusi, pilau za hitima, mahamri ya asubuhi kwa wenye maduka. Sufuria zangu haziingii kwenye tuktuk. Bila gari hili sina kazi.

Tangu Ramadhani imalizike, gari linamisi. Nikisimama huku injini inanguruma, linatetema mpaka kile kioo cha kutazamia nyuma kinacheza. Nikikanyaga mafuta linajikwaa kwanza, ndipo liondoke. Nyuma linatoa harufu ya petroli mbichi. Nikivuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui na mzigo wa sufuria, barabara ikianza kupanda tu gari linazubaa, na malori yanayorudi Gongoni kupakia chumvi yananipigia honi mgongoni. Wakati mwingine watoto wamo ndani.

Fundi wa gari hili ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ana kigereji chake chini ya mwarobaini, na tangu siku ya kwanza mume wangu alisema asiliguse mtu mwingine. Nilipompelekea mara ya kwanza alisema ni koili, kile kifaa cha kuipa plagi umeme wa cheche, akaweka nyingine ya mtumba, nikalipa. Haukupita muda, gari likarudia yaleyale. Nikampelekea tena, akasema sasa ni koili nyingine. Akatoa, akaweka, nikalipa tena. Zile koili mbovu zilizotoka sikuziona kwa macho yangu. Nilipomuuliza alicheka: "Shemeji, wewe pika. Hii niachie mimi."

Maneno hayo yameniuma, sikufichi.

Nilipita duka moja la spea, kijana wa pale akachomeka mashine yake ya kupimia, ikaandika P0302. Akasema hiyo ni namba ya hitilafu ya silinda ya pili, kimoja cha vyumba vinne vya kuchomea petroli. Akanifungulia boneti akanionyesha: koili nne zimepangwa mstari juu ya injini, kila moja imeshikwa na bolti moja ya spana ya kumi na kichwa cha waya. Akasema kazi yenyewe haifiki nusu saa. Nikarudi nyumbani nikatazama video usiku, watoto wakiwa wamelala, na nikaona kweli ni kitu ninachokiweza. Mikono hii inafungua majiko ya gesi na kuyafunga kila wiki. Spana nimeshanunua, na pesa ya koili mpya nimeiweka kando kwenye mgao wangu wa chama.

Lakini mavyaa wangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja, alinikuta uani nimefungua boneti. Akaniuliza, "Unamtafutia mwanangu aibu?" Ana wana wawili katika jambo hili na sikujua anamsema yupi. Usiku huohuo mume wangu akapiga simu, habari ameshazipata. "Mwachie ndugu yangu," akasema. "Usinitie fitina na watu wa nyumbani."

Mshauri, mimi sitaki fitina na mtu. Nataka gari langu litulie. Lakini pia nimechoka kuwa mtu wa kulipa tu bila kuambiwa kitu. Nibadilishe mwenyewe alfajiri, kabla watu hawajaamka, nifunge boneti kama hakuna lililotokea? Nipeleke gereji nyingine kwa siri? Au ninyamaze, niendelee na shemeji? Mwezi ujao nina harusi Gongoni na moyo hautulii nikiifikiria ile njia.

Mpishi, Malindi

MSHAURI ANAJIBU

Waalaikumu salaam, mwanangu.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea fundi mmoja mstaafu ninayemwamini. Kwa hiyo ya spana humu ndani ni yake, na ya nyumbani ni yangu.

Nikikuelewa vizuri, una gari linalomisi, fundi ambaye ni ndugu wa mumeo, malipo mawili yasiyoleta nafuu, na nyumba nzima inayokutazama ukifungua boneti yako mwenyewe. Chini ya hayo yote kuna lile neno la "wewe pika". Nimelirudia mara kadhaa, na sioni ajabu kwamba limekuuma. Upishi wako ndio unaolitunza gari na kumlipa huyo fundi. Aliyekwambia hivyo alisahau nani anamlipa.

Tuanze na gari, kwa sababu huko ndiko kuna jambo ambalo naona limepita haraka. Ile P0302 haisemi "koili". Inasema silinda ya pili haichomi inavyotakiwa, basi. Sababu inaweza kuwa koili, ndiyo, na mara nyingi huwa koili. Lakini inaweza kuwa plagi iliyochakaa, kichwa cha waya kilicholiwa na kutu, nozeli ya petroli iliyoziba, hewa inayoingia pasipofaa, au hata kompresheni, yaani mkandamizo wa hewa, ya silinda yenyewe kupungua. Kijana wa spea alikuonyesha koili kwa nia njema, lakini yeye ni muuzaji wa koili. Mashine ilitaja chumba. Bado hatujamjua aliye chumbani.

Kuna njia ya kumjua isiyokugharimu shilingi, na fundi wangu alifurahi sana nilipomuuliza. Gari likiwa limezimwa na limepoa, chomoa koili ya silinda ya pili uiweke ya nne, na ya nne uilete ya pili. Silinda huhesabiwa kuanzia upande wa mkanda. Kijana aifute ile namba kwenye mashine, uzunguke mjini kidogo, apime tena. Ikiandika P0304, ugonjwa umehama na koili, na koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, koili haina kosa, na pesa yako ya chama imepona.

Ukiwa hapo tazama na plagi. Koili kazi yake ni kuzichukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi maelfu kwa maelfu ili cheche iruke kwenye ncha ya plagi. Plagi ikichakaa, pengo la kurukia linapanuka, na koili inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kila mara, inapata moto, mwisho inakufa. Unaweka nyingine, nayo inakufa, maana kinachoziua bado kimo ndani. Plagi za iridiamu zinaweza kufika kilomita 100,000. Zile za kawaida huchoka mapema sana kuliko hapo. Je, kuna mtu amezibadilisha tangu gari lije? Ukimulika shimo la plagi kwa tochi ya simu ukaona oili imetuama, basi gasketi ya mfuniko wa injini imeanza kuvuja, na oili huozesha ule mpira wa koili. Na sisi tunaokaa na bahari, usisahau chumvi: kile kichwa cha waya kikionyesha ukijani kwenye pini zake, umeme haupiti sawasawa hata koili ikiwa mpya kabisa.

Unaona ninakoelekea. Koili mbili kufa kwa mfululizo si ushahidi kwamba shemeji yako amekula pesa yako. Huenda amekula. Huenda pia alibadilisha kweli, akaweka za mtumba ambazo hakuna ajuaye zimebakiwa na maisha gani, juu ya plagi zilezile zilizoua za kwanza. Huo ni ufundi wa haraka, na una haki ya kuulalamikia, lakini uvivu wa kupima na wizi ni makosa mawili tofauti, na ukimshtaki kwa lile asilolifanya utakuwa umempa njia ya kulikwepa lile alilolifanya. Kosa lake lisilo na mjadala ni kwamba hakukuonyesha koili zilizotoka. Kifaa kilichotoka kwenye gari ni mali ya mwenye gari. Hilo unaweza kumwambia mbele ya mtu yeyote na hakuna atakayekuona mkorofi.

Sasa mumeo. Umelisikia neno lake kama kwamba hana imani nawe. Inawezekana. Lakini mtu aliye Doha, anayesikia habari za nyumbani kwa simu tena zikiwa zimepita midomo miwili mitatu, mara nyingi anaogopa kitu ambacho hakisemi. Jiulize: hicho kigereji chini ya mwarobaini kina wateja? Familia nyingi za pwani hapa kaka humsaidia mdogo wake bila kumpa pesa mkononi, humpa kazi ili asione haya. Kama malipo ya gereji ndiyo njia ya mumeo kumtunza nduguye, basi wewe kufungua bolti moja kunagusa mpango ambao hukuwahi kuambiwa upo. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema muulize, tena usimuulize kwa kuanza na koili. Muulize, "Ulitaka nimwachie gari kwa sababu ni fundi mzuri, au kwa sababu ni ndugu yako?" Majibu yake yatakusaidia kuliko video.

Na mavyaa wako, wakati unajiuliza anamsema mwana yupi, labda hata yeye hajui. Mama mwenye mtoto mmoja mbali na mmoja karibu huogopa yule wa karibu adharauliwe. Kuna siku anahitaji dawa au anahitaji kupelekwa hospitali, na anayelitengeneza gari ni huyo huyo.

Nije kwenye njia zako tatu.

Ile ya alfajiri kimya kimya ndiyo ninayoihofia zaidi, na si kwa sababu huwezi. Unaweza. Toa waya wa hasi wa betri, toa mfuniko wa plastiki kama upo, puliza mchanga utoke kabla ya kung'oa chochote usije ukadondokea shimoni, bonyeza kile kilimi cha kichwa cha waya. Kwenye gari la umri huu plastiki imekauka na hukatika kwa hasira ndogo, kwa hiyo hapo ndipo penye subira kuliko pengine pote. Fungua bolti, izungushe koili kidogo kushoto na kulia, kisha ivute juu wima. Mpya iingie vilevile, namba iliyoandikwa juu yake ilingane na ya zamani, bolti ikazwe mpaka ishike na si zaidi. Ukigusa plagi, ianze kwa vidole, kamwe usiianze kwa spana. Kichwa cha injini ni aluminiamu, na uzi wa kufungia plagi ukiharibika hapo unatoka kwenye kazi ya nusu saa unaingia kwenye gharama ya kukuliza. Vua bangili na pete. Chuma ikigusa pande mbili za betri itakuunguza. Na injini iwe baridi kabisa.

Hayo yote unayaweza. Ninachohofia ni siri. Kilimi kikikatika, au gari likakataa kuwaka, utamwita nani alfajiri hiyo? Utamwita shemeji. Atakuta boneti wazi na spana yako juu ya betri, na hadithi itakayosimuliwa barazani haitakuwa ya koili. Na likiwaka vizuri je? Utakuwa umeshinda bila mtu kujua, wakati wewe mwenyewe umeniambia umechoka kutojulikana.

Gereji nyingine ina faida ya jicho jipya, jicho lisilo na undugu. Malindi si mji mkubwa kiasi hicho, lakini. Mafundi wanajuana, wanaazimana vifaa. Habari itafika kabla gari halijafika nyumbani. Kama ni njia hii, iwe wazi: "Nimepeleka nipate maoni ya pili." Hata wagonjwa hufanya hivyo na madaktari wao hawanuni.

Kuendelea na shemeji kimyakimya kunalinda amani ya leo. Gharama yake ni kwamba utaendelea kulipa, chuki itaendelea kujaa, na itakuja kumwagika siku mbaya, pengine ile siku ya Gongoni ukiwa na biriani la watu nyuma.

Kuna ya nne ambayo hukuitaja. Mwite shemeji aje nyumbani wakati wa mchana, mavyaa akiwepo, chai na mahamri yawepo. Mwambie, "Shemeji, gari bado, na mashine imesema silinda ya pili. Nataka tubadilishane koili mbili tuone ugonjwa unahama au hauhami. Nataka nifanye mimi, wewe usimame hapa unitazame nisiharibu." Hapo hujamnyang'anya ufundi, umemweka pahala pa mwalimu. Na hujauacha utu wako, kwa sababu spana iko mkononi mwako. Hatari yake ipo: anaweza kukataa, anaweza kucheka tena, anaweza kukupokonya spana akamaliza mwenyewe. Ukiona hivyo utakuwa umejua jambo ambalo sasa unalikisia tu, na mavyaa atakuwa ameliona kwa macho yake, hakusimuliwa.

Sikuchagulii. Wewe ndiye unayemjua shemeji yako akichekeshwa na akikasirishwa, na wewe ndiye utakayeamka katika nyumba hiyo kesho. Ninalokuomba ni utenganishe maswali mawili uliyoyafunga pamoja. Moja ni nani ataliponya gari. La pili ni nani atakusikiliza nyumbani kwako. Koili inaweza kujibu la kwanza. La pili haliwezi, hata ukizibadilisha zote nne kwa mikono yako na gari likanguruma kama jipya. Usije ukavunjika moyo gari likitulia na moyo usitulie.

Kuna moja ambalo haliwezi kungoja umalize kufikiri. Ile taa ya injini kwenye dashibodi ikiwa imewaka tu, unaweza kulifikisha gari polepole kwa fundi. Ikianza kupepesa, toka barabarani, zima. Maana yake petroli isiyoungua inamwagika kwenye ekzosi, na ile katalisti ya ndani, kifaa cha kusafisha moshi, hupata moto mpaka ikayeyuka. Bei yake hailingani hata kidogo na ya koili. Na kupita lori ukiwa na gari linalozubaa, watoto wakiwa kiti cha nyuma, usikubali kwa sababu ya harusi ya mtu yeyote. Mzigo wa Gongoni mwezi ujao, kama gari halijapona, ongea na wenye harusi mapema wakutafutie pikapu. Waambie sasa, wiki ile watakuwa na mengi.

Ukishabadilishana zile koili, niandikie mashine ilisema nini. Na mumeo alijibu nini.